Mimea ya tangi la samaki: soma hapa kabla hujaitia mbolea ya tumbaku

Leo siongelei mikopo wala vikoba. Leo nina somo ambalo ada yake nimeilipa mwenyewe, na ada yenyewe ilikuwa samaki kumi na wawili waliokufa mbele ya wateja.

Mimi nina mgahawa mdogo hapa Usinge, jirani na stesheni. Wateja wangu ni abiria wa treni ya Kigoma, wachuuzi wa samaki wa Ziwa Sagara, madereva, na wakulima wa tumbaku wakishalipwa. Mtu anayesubiri treni anaweza kukaa saa tatu, nne. Akichoka kuangalia ukuta anahamia kwa jirani. Nikawaza, nikimwekea kitu cha kumtuliza macho, chai ya pili ataninywea mimi. Nikaenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, akaniunganishia tangi la kioo la lita 60. Samaki wadogo wa mapambo na mimea ya majini nikaagiza, vikaja.

Mwezi wa kwanza ilikuwa raha tupu. Watoto walikuwa wanawavuta mama zao waingie ndani. Mwezi wa pili majani yakaanza kuwa ya njano, mengine yanalegea kama mchicha wa jana. Mimi ni mtoto wa mkulima, nikajisemea mmea wa njano si unataka mbolea? Nyumbani kulikuwa na NPK ya tumbaku imebaki chini ya mfuko. Jioni nikatia kijiko kimoja cha chakula. Kimoja tu.

Asubuhi akaingia mzee mmoja mvuvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona samaki wako wanahema juu juu hivyo? Hao hawafiki saa sita."

Kweli hawakufika. Mteja mmoja aliyekuwa ameagiza samaki wa kukaanga aliangalia tangi, akaangalia sahani, akasema naomba nibadilishie, nipe maharage.

Hiyo ndiyo siku niliyoanza kujifunza vizuri. Niliyojifunza yote yanaingia kwenye sentensi moja: mimea ya tangini mara nyingi haifi kwa njaa, inafishwa na haraka ya mwenye nayo. Sasa twende taratibu.

KIJIKO KIMOJA KILIFANYA NINI

Tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Kijiko cha chakula cha mbolea ni kama gramu 15. Mfuko wa NPK 10:18:24 maana yake naitrojeni ni asilimia 10. Kwa hiyo nilitia gramu 1.5 za naitrojeni kwenye lita 60 za maji. Gawanya: ni miligramu 25 kwa kila lita. Na kwenye mbolea nyingi za aina hiyo sehemu kubwa ya naitrojeni inakuja ikiwa amonia. Amonia inaanza kuwaumiza samaki hata ikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita. Shambani mbolea ile ile inasambaa kwenye udongo mwingi na mvua inaipunguza. Tangini haina pa kwenda. Samaki anaivuta kwenye matamvua mpaka anakata roho.

Cha kusikitisha zaidi, mimea yangu haikuwa na njaa. Nilipokuja kuchunguza nikakuta makosa matatu, na hakuna hata moja linalotibiwa na mbolea. Taa ilikuwa balbu dhaifu ya njano. Mmea mmoja niliufukia shina, ukaoza. Na iliyobaki ilikuwa inabadilisha majani tu baada ya kuhamishwa, ningeisubiri wiki tatu ingechipua yenyewe.

MMEA WA MAJINI UNATAKA NINI

Unataka vitu vile vile vya mmea wa shambani: mwanga, chakula, hewa ya ukaa. Tofauti ni kwamba tangini vitu hivi vitatu vimefungwa pamoja. Ukiongeza kimoja peke yake, kilichozidi kinaliwa na mwani, yaani ule ukoga wa kijani unaoganda kwenye kioo. Mwani hauna subira, unakula haraka kuliko mmea. Kwa hiyo ukiona ukoga mwingi ujue kuna kitu umezidisha, mara nyingi mwanga au chakula cha samaki.

Mchana, taa ikiwaka, mmea unavuta hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Usiku unavuta oksijeni kama samaki. Samaki wanakula, wanachafua maji, na uchafu wao baada ya kuoza ndio mbolea ya mmea. Umeona? Ukiwa na samaki wachache unaowalisha vizuri, mbolea unayo tayari.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1850 mwanakemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza alivyoweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha maji pamoja na mmea wa valisneria. Mwanzoni majani yaliyokufa yakaoza na kuchafua maji. Akaongeza konokono wa majini, wakala yale majani mabovu, na maji yakatulia. Hakuwa na pampu wala mbolea ya dukani. Alichokuwa nacho ni kipimo: samaki wachache, mmea mzima, na wa kufanya usafi. Wakati huo huku kwetu misafara ya pwani ilikuwa inapita Tabora kwenda Ujiji. Na valisneria yenyewe si mgeni kwetu, aina yake mojawapo inaota Ziwa Tanganyika.

HATUA YA 1: TANGI NA MEZA

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linachukua lita 63 hivi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukijumlisha kioo na mchanga unakaribia kilo 80. Usiweke kwenye meza ya plastiki. Tumia meza ya mbao ngumu au jengea tofali, na chini ya tangi tandika kipande cha sponji au godoro jembamba ili kioo kisikae kwenye kijiwe kikapasuka.

Fundi mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, dawa ile ni sumu kwa samaki. Ikishapigwa iache ikauke siku mbili au tatu. Jaza maji, yaache siku nzima, uone kama panavuja. Mwaga, ndipo uanze.

Mahali: usiweke linapopigwa na jua la moja kwa moja. Nilidhani jua ni taa ya bure. Jua la Septemba na Oktoba hapa kwetu, kabla mvua hazijaanza, linapasha maji na kuyageuza kijani kama juisi ya parachichi. Maji yakae kati ya nyuzi 22 na 28. Usiku wa Juni na Julai baridi ikizidi, funika tangi kwa ubao au kioo, lakini acha nafasi ya hewa.

HATUA YA 2: MAJI NA NDOO

Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaweke kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kutumia. Maji ya kisima hayana klorini, ila yanaweza kuwa na chumvichumvi. Kipimo cha bure: angalia birika lako la chai. Likiwa na ukoko mweupe mwingi ndani, maji ni magumu. Mimea mingi rahisi inayavumilia, na valisneria inayapenda. Maji ya mvua ni laini mno, changanya na ya kisima nusu kwa nusu.

Sasa sikia hili, wewe unayeishi kwenye kaya ya tumbaku kama mimi. Ndoo iliyowahi kuchanganyiwa dawa ya kupulizia usiitumie hata kama umeiosha mara kumi. Nunua ndoo yake, iandike kwa rangi SAMAKI, na watoto waambiwe. Mrututu nao usikaribie tangi. Ile shaba inaua konokono, inadhuru samaki, na mimea mingi ya majini haiipendi.

HATUA YA 3: UDONGO NA MCHANGA

Njia rahisi niliyotumia mara ya pili ni tabaka mbili. Chini weka udongo wa kawaida wa bustani uliochekechwa, unene wa sentimita 2 mpaka 3. Usiwe na samadi, usitoke kwenye shamba la tumbaku, usiwe na majani yanayooza. Juu yake mchanga wa mtoni ulioosha mpaka maji yawe meupe, sentimita 3. Mchanga unauzuia udongo usipande na kuchafua maji. Udongo ndio ghala la chakula cha mizizi kwa miezi mingi.

Kabla ya kutumia mchanga au mawe, dondoshea siki au ndimu. Ukitoa povu una chokaa, utafanya maji yawe magumu zaidi. Tafuta mwingine.

Unapojaza maji weka sahani juu ya mchanga na umimine polepole juu ya sahani. Ukimimina kama unajaza pipa utakuwa umepika uji.

HATUA YA 4: MIMEA YA KUANZIA

Usianze na mimea myekundu ya kwenye picha za mtandaoni. Ile inataka taa kali na mtungi wa gesi ya ukaa. Anza na hii, na ujue kila mmoja unakulaje:

Seratofilamu. Una majani membamba yanayozunguka shina kama mkia wa paka. Hauna mizizi kabisa, unakula majini moja kwa moja. Unauacha uelee au unaufunga kwa kijiwe. Unakua upesi na unamnyang'anya mwani chakula. Kwa tangi jipya huu ndio mlinzi.

Valisneria. Majani marefu kama utepe au ukindu. Huu unakula kwa mizizi, upande mchangani. Ila kitovu chake, pale majani yanapokutana na mizizi, kibaki juu ya mchanga. Ukikifukia kinaoza. Ukishakubali unatuma vikonyo chini ya mchanga na kuzaa watoto, kama viazi vitamu vinavyotambaa.

Anubiasi. Asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Majani mazito, ya kijani iliyokolea, unavumilia mwanga mdogo. Una shina nene linalolala kama tangawizi, na hili ndilo nililofukia mimi. Usilifukie. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, mizizi itashika yenyewe. Unakua polepole sana, jani moja kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiuhesabu kuwa umekufa.

Jaza mimea tangu siku ya kwanza. Watu wengi wanaweka miwili kwa kubana matumizi, halafu nafasi iliyobaki inachukuliwa na mwani.

Sasa tuje kwenye subira. Mimea mingi inayouzwa imelelewa nje ya maji au kwenye maji tofauti na yako. Ikifika kwako inatupa majani ya zamani na kutengeneza mapya. Wiki mbili mpaka nne utaona kama msiba. Wewe kata majani yaliyooza, yatoe, angalia kitovu na mizizi. Kikiwa kigumu na cheupe au kijani, mmea upo hai. Kikiwa laini na kinanuka, huo umekwenda, toa.

HATUA YA 5: TAA

Kwa tangi hili, taa nyeupe ya LED ya wati 10 mpaka 15 inatosha, ile iliyoandikwa 6500K kwenye boksi. Iwe karibu na maji, sentimita 15 mpaka 20 juu yake, na ikae kwenye kifuniko ili isilowe. Saa 7 au 8 kwa siku zinatosha. Mimi nilikuwa nawasha kuanzia alfajiri mpaka nafunga, saa 15, nikidhani nafanya wema. Nilikuwa nalisha mwani.

Na hapa kuna siri ya biashara: mmea haujali ni saa zipi. Mimi nawasha saa nane mchana, nazima saa tatu usiku, maana jioni ndio watu wanakaa. Umeme wako unaliwa wateja wakiwepo. Ukiwa msahaulifu nunua kile kifaa cha saa kinachowasha na kuzima chenyewe.

HATUA YA 6: SAMAKI WASIOKULA BUSTANI

Wengi wataniuliza, kwa nini usichukue perege wadogo wa Sagara? Kwa sababu perege anakula majani na kuchimba mchanga, bustani yako ataimaliza kwa wiki. Kambale naye anapindua kila kitu. Hao waache wafike sahanini.

Weka gapi au moli, samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Kwa lita 60, wanane mpaka kumi. Na usiwaweke siku moja na mimea. Subiri wiki tatu au nne, kwa sababu tangi jipya halijawa na bakteria wa kugeuza amonia ya uchafu wao kuwa chakula cha mmea. Anza na watatu, wengine wafuate baadaye. Kumbuka gapi wanazaa kama kuku wa kienyeji. Ukitaka utulivu weka madume tu.

Chakula: kile wanachomaliza kwa dakika mbili tatu, mara moja kwa siku. Wateja wakatazwe kutupia chapati. Mimi nimebandika karatasi: SAMAKI WAMESHAKULA.

KAZI YA KILA WIKI: NDOO MOJA

Kila Jumapili kabla ya kufungua nafanya haya, nusu saa inatosha.

1. Nafuta ukoga kwenye kioo kwa kitambaa safi kisichowahi kugusa sabuni.
2. Natoa majani yaliyokufa.
3. Nachota lita 15, yaani robo ya tangi, na kurudisha maji yaliyolala kwenye ndoo. Yale machafu namwagia mchicha, unastawi ajabu.
4. Sponji ya filta naikamua kwenye yale maji machafu ya tangi. Si kwenye bomba, klorini inaua bakteria wazuri.
5. Naandika kwenye daftari: jani jipya limetoka? Rangi imebadilika? Nimebadilisha nini?

Hiyo ya tano ndiyo iliyoniokoa. Badilisha kitu KIMOJA, subiri wiki mbili, angalia majani MAPYA. Majani ya zamani yaliyoharibika hayaponi hata ufanye nini, hayo yasikutishe. Ukibadilisha taa, udongo na mbolea siku moja, hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliua.

MMEA UNAVYOSEMA

Majani ya zamani, ya chini, yanakuwa ya njano huku mapya ni mazima: mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, au ni kule kubadilisha majani baada ya kuhamishwa. Kama hujafikisha mwezi, subiri.

Majani mapya, ya juu, yametoka meupe au ya njano, mishipa imebaki kijani: upungufu wa madini ya chuma.

Vitundu vidogo kwenye majani ya zamani, kama vimechomwa sindano, kingo zinakuwa njano: upungufu wa potasiamu.

Shina refu, majani yako mbalimbali, mmea unakimbilia juu: mwanga hautoshi.

Vumbi la kahawia kwenye majani ya tangi jipya: ni mwani wa mwanzo, futa kwa kidole, kwa kawaida unapotea baada ya wiki chache.

Utando wa kijani cha bluu unaoteleza na kunuka: uchafu umezidi na maji hayatembei. Uvute nje, punguza chakula, badilisha maji.

Samaki wanahema juu alfajiri, mchana wako sawa: oksijeni inaisha usiku. Samaki ni wengi au mimea imejazana mno. Weka pampu ya hewa usiku, punguza.

Ukishajiridhisha kwamba ni njaa kweli, nunua mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea ya tangi la samaki, na anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. NPK, urea, CAN na samadi vibaki shambani.

UMEME UKIKATIKA

Mmea unaweza kukaa gizani siku mbili tatu bila kufa. Kwa hiyo ukikatika, wa kuhofia ni samaki, maana maji yanatulia na oksijeni inapungua. Usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kadhaa kila baada ya saa moja, yapate hewa. Kuna pampu ndogo za betri, na mwenye sola ya kuchajia simu anaweza kuendesha pampu ndogo ya USB. Umeme ukirudi, usiwashe taa saa 15 kufidia. Endelea na ratiba.

HELA IKO WAPI?

Faida ya kwanza ni mteja anayekaa. Ya pili ni vipandikizi. Seratofilamu ikikubali unaikata kila wiki mbili, na kila kipande ni mmea mpya. Watoto wa valisneria unawatenga wakiwa na majani matano sita na mizizi yao. Gapi nao wanaongezeka. Nyumba za wageni, saluni, maduka ya simu, shule, wote hao ni wateja, na ukiwa kwenye reli una Kaliua, Urambo na Tabora upande mmoja, Nguruka, Uvinza na Kigoma upande wa pili.

Kusafirisha: mmea hauhitaji kuogelea safarini. Ufunge kwenye gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, uweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, usiweke juani wala karibu na injini. Ukifungwa hivyo siku mbili unafika salama. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo makopo ya siagi na ya aiskrimu usiyatupe, yana kazi.

Kila mmea mwandikie mteja karatasi: unakulaje, usifukie wapi, subiri wiki ngapi. Asipoelezwa utaharibika, atasema umemuuzia mmea mbovu.

LA MWISHO, NA NDILO ZITO

Hapa Usinge tumekaa jirani na bonde la Malagarasi na Muyovozi. Mwaka 2000 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza kwa Tanzania. Maji ya Malagarasi yanaishia Ziwa Tanganyika. Mafunjo, mayungiyungi na samaki wa huko ndio vinavyoleta wachuuzi mezani kwangu.

Sasa kumbuka gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani kwa sababu ua lake ni zuri na watu walilipenda kwenye mabwawa ya mapambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, likafunga bandari na mialo, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Lilianza kama pambo, kama hili langu.

Kwa hiyo mmea uliotoka dukani, hata kipande cha kidole, usikitupe mtoni, bwawani wala kwenye mtaro. Kianike juani mpaka kikauke kabisa, ndipo ukichome au ukifukie. Samaki wa mapambo nao usiwaachie ziwani ukiwachoka. Na ukishawishika kwenda kuchota mimea bondeni, kwanza muulize afisa uvuvi wa halmashauri, maana sehemu nyingine ni hifadhi na zina sheria zake. Gugu maji lenyewe usilifuge wala usiliuze, hata mtu akikupa bei nzuri.

Tangi langu la pili limetimiza mwaka. Mzee mvuvi bado anapita. Juzi kakaa, kaagiza chai, kaangalia weee, akasema, "Mwanangu, sasa hawa wanahema chini." Akaagiza ya pili.

Ukiwa na mwenzako mwenye tangi linalomsumbua, mtumie hii kabla hajafungua mfuko wa mbolea. Kazi njema.